Sura ya Tano: Risiva ya Sinema ya Nyumbani

Kwa nini risiva ya wati 80 iuzwe ghali kuliko seti ya sabufa iliyoandikwa wati 10,000? Swali hili huulizwa sana kwenye maduka ya Kariakoo na Luthuli Avenue, na ni swali la haki, kwa kuwa vifaa vyote viwili hukaa rafu moja na vyote hudai kuileta sinema sebuleni. Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, namba hizo hazipimi kitu kimoja, kama itakavyoonekana mbele. Pili, hata zingepima kitu kimoja, wati si jambo la kwanza la kuangalia. Risiva huchaguliwa kwa kuanzia chumbani: umbo la sebule, spika zitakazokaa humo, vifaa vitakavyochomekwa na umeme utakaoiendesha. Anayeanza na namba iliyoandikwa mbele ya boksi huishia kulipia asichokihitaji na kukosa anachokihitaji.

## Kazi tatu ndani ya boksi moja

Kazi ya kwanza ya risiva ni kupokea na kugawa. King'amuzi, deki, PlayStation na kisanduku cha filamu za intaneti vyote huchomekwa nyuma yake. Risiva hupeleka picha kwenye televisheni kwa waya mmoja na sauti kwenye spika. Anayetaka kutoka kwenye taarifa ya habari kwenda kwenye mchezo hubonyeza kitufe kimoja cha rimoti.

Kazi ya pili ni kufumbua sauti. Sauti ya filamu husafiri ikiwa imefungashwa kwa mfumo maalumu, na mifumo inayotawala ni miwili: Dolby na DTS. Dolby Digital iliingia kwenye majumba ya sinema mwaka 1992 na filamu ya Batman Returns. DTS ikafuata mwaka 1993 na Jurassic Park. Ndani ya kifurushi hicho sauti zimetenganishwa kwa chaneli, yaani njia za sauti, kila moja na spika yake. Mlango unaofungwa nyuma ya mhusika una njia yake, na maneno yake yana njia nyingine. Risiva hukifungua kifurushi na kuituma kila sauti mahali pake. Seti nyingi za sabufa hazifanyi kazi hii. Hupokea sauti ya kushoto na ya kulia, kisha huirudiarudia kwenye spika zote tano, na ndiyo maana spika zinaweza kuuzunguka ukumbi mzima bila mtazamaji kuhisi yuko ndani ya tukio.

Kazi ya tatu ni kukuza sauti. Hii ni kazi ya amplifaya, sehemu inayoipa sauti nguvu ya kusukuma spika. Matangazo huizungumzia kazi hii peke yake, ingawa ndiyo inayotofautiana kidogo zaidi kati ya risiva moja nzuri na nyingine.

## Chaneli ngapi zinatosha?

Maandishi ya 5.1 kwenye boksi yana maana rahisi. Tano ni spika mbili za mbele, kushoto na kulia. Moja ya kati, chini au juu ya televisheni. Na mbili za pembeni mwa wasikilizaji. Ile moja baada ya nukta ni spika ya besi, ambayo njia yake hubeba sauti nzito peke yake, kuanzia hezi 120 kwenda chini. Hezi ni idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde: ikiwa ndogo, sauti huwa nzito. Kwenye 7.1 huongezwa spika mbili nyuma ya kochi.

Namba ya tatu, kama ilivyo kwenye 5.1.2, ni spika za juu. Zilikuja na Dolby Atmos, mfumo ulioanza kwenye sinema mwaka 2012 na kufika majumbani mwaka 2014. Katika Atmos, sauti ya helikopta haifungwi kwenye chaneli moja. Hubeba maelezo ya mahali ilipo hewani, na risiva hukokotoa spika zipi zilie ili helikopta isikike ikipita juu. Mnunuzi ajue kwamba risiva ya chaneli saba huendesha 7.1 au 5.1.2, lakini haiendeshi zote mbili kwa wakati mmoja.

Kati ya spika hizi zote, ya kulindwa kuliko nyingine ni ya kati. Sehemu kubwa ya maneno ya filamu hupitia humo. Lalamiko la kwamba milipuko inatikisa madirisha huku mazungumzo hayasikiki mara nyingi hutokana na spika ya kati iliyo dhaifu, iliyosukumwa ndani ya kabati, au isiyokuwepo kabisa. Nyumba yenye wazee, au yenye watoto wanaojifunza lugha kwa kusikiliza, inaihitaji spika hiyo kuliko inavyohitaji besi.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa filamu zinazosimuliwa kwa Kiswahili na madijei, na kwa filamu nyingi zinazogawanywa kwa flashi. Kwa kawaida hizo zina chaneli mbili tu. Risiva ina programu ya kuzitandaza kwenye spika zote: Dolby Surround au DTS Neural:X kwa risiva za miaka ya karibuni, Pro Logic II kwa za zamani. Programu hutafuta sauti iliyo sawa kushoto na kulia, ambayo mara nyingi ni ya msimuliaji, ikaipeleka kwenye spika ya kati. Zinazotofautiana huzipeleka pembeni. Matokeo hayalingani na filamu iliyorekodiwa kwa chaneli tano, lakini kwa upande wa maneno nafuu yake husikika mara moja. Mtazamaji wa filamu hizo asidanganywe kwamba risiva haimhusu.

## Sebule huamua mengi

Sebule ya mita 4 kwa 4.5, ukubwa wa kawaida katika nyumba nyingi za mjini, inatoshwa na 5.1. Kochi likiwa limegusa ukuta wa nyuma, spika mbili za 7.1 hazina pa kukaa, na risiva ya chaneli saba itakuwa na njia mbili zisizo na kazi. Chaneli hizo zinaweza kutumika kwa spika za juu, ikiwa dari linaruhusu.

Dari lenyewe linahitaji kuangaliwa vizuri. Kuna spika za Atmos zinazowekwa juu ya spika za mbele zikitazama juu, ili sauti igonge dari na kushuka kwa msikilizaji. Hizo zinataka dari gumu, tambarare na lisilo refu sana. Dari la jipsamu au la zege linafaa. Nyumba isiyo na dari, yenye mabati au makuti tu, haitairudisha sauti inavyotakiwa. Huko spika za juu ama zitundikwe zenyewe, ama ziachwe.

Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zina tabia yake. Upana wa vyumba vyake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, kiasi cha mita 2.5 hadi 3, hivyo vyumba ni virefu na vyembamba, na boriti hizo huitawanya sauti inayopiga darini. Katika chumba cha namna hiyo televisheni ikae kwenye ukuta mfupi, na spika za pembeni zipandishwe juu kidogo ya kichwa cha aliyekaa, zisielekee moja kwa moja sikioni. Risiva ya chaneli tano hapo inatosha kabisa, na fedha inayobaki ikanunue spika bora.

Kisha kuna mwangwi. Sakafu ya vigae, kuta tupu na madirisha makubwa ya vioo hurudisha sauti hadi maneno yakasikika kama ya ukumbini. Zulia mbele ya televisheni, mapazia mazito na makochi ya kitambaa hutibu tatizo hili kuliko risiva yoyote.

Kwa ufupi, kabla ya kwenda dukani mnunuzi awe na majibu haya:

- urefu na upana wa chumba, na umbali kutoka kochi hadi televisheni;
- nafasi nyuma ya kochi, kama ipo;
- aina ya dari;
- nyumba ni yake au ya kupanga, kwa sababu waya nyingi za spika hutaka kupitishwa ukutani au chini ya zulia.

Anayeishi kwenye chumba kimoja cha kupanga na kuhama mara kwa mara afikirie spika ndefu ya kuweka chini ya televisheni, inayoitwa saundiba. Haifikii risiva na spika tano, lakini hubebwa kwa mkono mmoja.

## Kusoma wati bila kudanganyika

Plagi ya miguu mitatu ya Afrika Mashariki ina fyuzi isiyozidi ampea 13. Kwa umeme wa volti 230, plagi hiyo hupitisha mfululizo wati 3,000 hivi, si zaidi. Seti ya sabufa ya wati 10,000 huchomekwa kwenye soketi hiyo hiyo, tena mara nyingi kwa plagi nyembamba ya miguu miwili. Wati 10,000 hazina pa kupitia. Namba hiyo ni PMPO, kilele cha kufikirika cha muda mfupi mno, ambacho hakina kanuni moja iliyokubaliwa. Kila kiwanda hukokotoa kivyake. Kibandiko cha nyuma, panapoandikwa umeme unaoliwa na kifaa, husema kweli zaidi. Kifaa kinachokula wati 60 hakiwezi kutoa mfululizo zaidi ya hizo.

Risiva nazo zina njia zake za kupamba namba. Moja inaweza kuandikwa wati 80 na nyingine wati 150, kumbe nguvu zake zinakaribiana. Tofauti imo kwenye maandishi madogo. Wati 80 zilizopimwa chaneli mbili zikilia pamoja, kwa omu 8, kutoka hezi 20 hadi 20,000, upotoshaji ukiwa asilimia 0.08, ni ahadi nzito. Wati 150 zilizopimwa chaneli moja ikilia peke yake, kwa omu 6, hezi 1,000 tu, upotoshaji ukiwa asilimia 10, ni ahadi nyepesi. Upotoshaji ni kiasi ambacho sauti imeharibika ikilinganishwa na ile iliyoingia, na kwa asilimia 10 sauti imeshaanza kukwaruza. Omu ni kipimo cha ukinzani wa spika, yaani jinsi inavyozuia umeme. Ukinzani ukiwa mdogo, spika huvuta umeme mwingi zaidi kutoka kwa amplifaya.

Na ni wati ngapi hutumika kweli? Spika huwa na kipimo cha wepesi wa kulia, kinachotolewa kwa desibeli, kizio cha ukubwa wa sauti. Tuseme spika ina desibeli 87 kwa wati 1 umbali wa mita 1. Mtu aliyekaa mita 3 mbali, ndani ya sebule, atapata kama desibeli 80 kwa wati hiyo moja. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni kama desibeli 60. Kwa sehemu kubwa ya filamu, basi, spika hutumia chini ya wati 1, na nguvu kubwa huitwa kwa nukta chache za milipuko na ngoma.

Wati zikiongezwa maradufu, sauti hupanda desibeli 3 tu. Ili sikio lihisi sauti imekuwa kubwa mara mbili, zinahitajika desibeli 10 hivi, yaani wati mara 10. Kutoka wati 80 hadi 100 ni desibeli 1, tofauti ambayo watu wengi hawaisikii. Kununua spika ya desibeli 90 badala ya 87 huleta faida sawa na kuongeza wati maradufu, bila kubadilisha risiva. Kwa sababu hiyo bajeti igawiwe kwa kuzipendelea spika: zichukue nusu au zaidi.

Onyo moja lisisahaulike. Spika zilizotoka kwenye hom thieta ya boksi moja mara nyingi ni za omu 3 au 4, wakati risiva nyingi hutaka omu 6 na zaidi. Zikiunganishwa, risiva huchemka, hujizima ili kujilinda, na ikilazimishwa huungua. Vilevile soketi ya sabufa nyuma ya risiva hutoa ishara tu, haitoi nguvu. Inataka spika ya besi yenye amplifaya yake na waya wake wa umeme.

## Soketi za nyuma

HDMI ni waya unaobeba picha na sauti pamoja. Mnunuzi ahesabu vifaa vyake, aongeze kimoja cha baadaye, na hiyo iwe idadi ya soketi za HDMI za kuingizia. Toleo la HDMI nalo lina maana. Toleo 1.4 la mwaka 2009 lilileta ARC, njia ya kurudisha sauti ya televisheni kwenye risiva kwa waya ule ule unaopeleka picha, jambo linalohitajika pale filamu inapochezwa na televisheni yenyewe kupitia intaneti. Toleo 2.0 la mwaka 2013 lilileta picha za 4K za fremu 60 kwa sekunde, yaani picha zenye nukta mara nne ya zile za HD kamili. Toleo 2.1 la mwaka 2017 lilileta eARC, inayorudisha sauti isiyobanwa, pamoja na fremu 120 za 4K zinazotakiwa na mashine mpya za michezo. Asiye na mashine hizo hana haja ya kulipia 2.1.

Kuna pia HDCP, kufuli la kuzuia kunakili filamu. Filamu za 4K hudai HDCP 2.2, na risiva za kabla ya 2014 kwa kawaida hazina. Matokeo ni skrini nyeusi au picha ya kiwango cha chini. Risiva haijafa kwa hilo: kifaa cha 4K huchomekwa moja kwa moja kwenye televisheni, kisha sauti hurudi kwenye risiva kwa ARC, au kwa waya wa optikali unaopitisha sauti kwa mwanga. Optikali hupitisha Dolby Digital ya 5.1, ila haipitishi Atmos.

King'amuzi cha zamani chenye nyaya nyekundu, nyeupe na njano nacho kiulizwe mapema. Baadhi ya risiva hupokea picha ya waya wa njano bila kuibadilisha kuwa HDMI, na mtazamaji hupata sauti bila picha.

Kuhusu waya za spika, shaba ya milimita mraba 1.5 inatosha kwa umbali wa hadi mita 10 kwa spika ya omu 8. Waya nyingi za bei ndogo ni alumini iliyopakwa shaba, yenye ukinzani mkubwa zaidi. Mkwaruzo wa kisu huonyesha weupe ndani.

## Maikrofoni ya kupimia

Risiva nyingi huja na maikrofoni ndogo ya kupimia chumba. Denon na Marantz huuita mfumo huo Audyssey, Yamaha huuita YPAO, Pioneer MCACC. Dirac Live hupatikana kwenye baadhi ya risiva za Onkyo na nyinginezo. Maikrofoni huwekwa mahali pa kichwa cha msikilizaji, spika hulia kwa zamu, na risiva hupima umbali na ukubwa wa sauti ya kila spika, ikarekebisha. Feni izimwe na watu wanyamaze, maana kelele huharibu vipimo.

Baada ya kupima, mipangilio ikaguliwe. Spika za kawaida ziwekwe kama ndogo na mpaka wa besi uwe hezi 80. Chini ya hapo sauti iende kwenye spika ya besi, na amplifaya itapumua. Risiva yenye mfumo mzuri wa kupima ina thamani kuliko yenye wati 20 za ziada, hasa kwa sebule za vigae.

## Umeme, joto na hewa ya pwani

Risiva zilizotumika kutoka Uingereza, Dubai na Muscat zinaendana na umeme wa Afrika Mashariki, na hata plagi ni ile ile. Za Marekani ni za volti 120, na za Japani ni volti 100. Zikichomekwa moja kwa moja, huungua papo hapo. Transfoma ya kushusha umeme huziokoa, mradi iwe na uwezo wa angalau mara mbili ya wati za kwenye kibandiko. Japani hutumia hezi 50 mashariki na 60 magharibi, hivyo vifaa vyake huandikwa 50/60. Vya Marekani vingi huandikwa 60 peke yake, na transfoma ya ndani hupata joto zaidi kwa hezi 50. Risiva ya Japani ina kasoro nyingine wanayoifahamu wenye magari: redio yake ya FM haifiki masafa ya juu ambako vituo vingi vya hapa husikika.

Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo huua vifaa vingi. Kifaa cha kulinda umeme kinachochelewesha kuwasha kwa dakika chache ni lazima kiwepo. Wakati wa radi plagi ichomolewe, pamoja na waya wa dishi, kwa sababu radi hupitia humo hadi kwenye king'amuzi na kuingia kwenye risiva kwa HDMI.

Risiva hutoa joto jingi. Iachiwe nafasi ya sentimita 15 au zaidi juu yake, isifungiwe kwenye kabati la vioo, na kile kitambaa kizuri cha kufunikia redio kisiwekwe juu yake inapofanya kazi. Matundu ya hewa hukaribisha mende na mijusi wanaopenda joto, na mjusi mmoja kwenye njia za umeme anaweza kuilipua bodi nzima. Pwani, chumvi ya hewani hushambulia soketi. Ncha za waya zikatwe na kuchunwa upya pale sauti inapoanza kukwaruza.

## Kukagua risiva iliyotumika

Risiva ya mkononi ni chaguo la busara, kwa kuwa amplifaya nzuri hudumu miaka mingi. Ikaguliwe hivi:

1. Kibandiko cha nyuma kisomwe: volti, hezi na umeme unaoliwa.
2. Ibebwe. Risiva kamili ya 5.1 mara nyingi huanzia kilo 7 au 8, kwa sababu ya transfoma iliyo ndani.
3. Kila chaneli ijaribiwe kwa mlio wa majaribio uliomo kwenye menyu, sauti ikiwa ndogo kisha kubwa.
4. Kila soketi ya HDMI ijaribiwe kwa king'amuzi au kompyuta, moja baada ya nyingine.
5. Iachwe ikilia nusu saa. Inayojizima yenyewe au kutoa harufu ya kuungua iachwe dukani.
6. Rimoti na maikrofoni viulizwe. Rimoti hupatikana kwingine. Maikrofoni lazima iwe ya mfumo ule ule.

Kitufe cha sauti kinachokwaruza na swichi za ndani zinazochelewa ni kazi ndogo kwa fundi. Bodi ya HDMI iliyokufa ni jambo jingine: vipuri ni adimu na gharama yake huikaribia bei ya risiva yenyewe. Risiva ya namna hiyo, ikiwa amplifaya yake ni nzima, huenda bado ikapokea sauti ya televisheni kwa waya wa optikali na kuendesha spika tano, lakini ijaribiwe kwanza na ilipiwe bei ya amplifaya.